Nyumba ya Kupanga? Basi Ipange!

Leo naanza na swali, na ulijibu kimoyomoyo kabla hujaendelea kusoma: lile boksi la vyombo vya udongo ulivyozawadiwa kwenye kicheni pati, liko wapi sasa hivi?

Kama jibu ni "juu ya kabati, bado limefungwa", karibu kwenye chama. La kwangu lilikaa juu ya kabati miaka mitatu. Sahani sita, bakuli sita na birika lenye maua ya bluu. Mgeni akija tunampakulia kwenye sahani za plastiki, mimi najifariji moyoni: vile vizuri ni vya nyumba yetu. Na nyumba yetu yenyewe iko Bunju. Ni msingi, tofali za vyumba viwili, na majani yaliyofika kiunoni.

Wengi wetu hapa Dar tunaishi hivyo. Unalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anachukua chake, kinachobaki kinaenda kwenye saruji na nondo. Sisemi ni vibaya. Kujenga ni jambo la maana na mwenye kiwanja chake aendelee. Ila kuna siku nilijikuta nahesabu: tangu tuoane tumekula chakula cha jioni zaidi ya mara elfu moja kwenye ile fleti ya Sinza, na mara zote tulikula kama watu wanaosubiri basi.

<b>Ugomvi wa msumari mmoja</b>

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilitaka kutundika picha ya harusi sebuleni. Nikamwomba mume wangu nyundo. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mke wangu, nyumba ya mtu hii. Msumari wa nini?"

Mwenzangu, nililipuka. Nilisema mengi, mengine hayakuwa na uhusiano wowote na msumari. Nikamwita bahili. Yeye akanyamaza, akachukua funguo akatoka. Tulinuniana siku mbili.

Siku ya tatu ndipo aliponieleza kitu ambacho hakuwahi kunisimulia. Kabla hatujaoana alipanga chumba na sebule Tabata. Akajipinda, akapaka rangi, akabadilisha kitasa, akaweka sinki jipya jikoni. Mwenye nyumba alipokuja akazunguka chumba kizima, akasifia sana. Kodi iliyofuata ikapanda, sababu ni kwamba "nyumba imependeza". Akashindwa, akahama, sinki akaliacha. Toka siku hiyo akaapa hataweka hata shilingi kwenye ukuta wa mtu.

Na mimi nikamweleza la kwangu. Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali, kwa hiyo mimi nimekulia kota. Uhamisho ukija, tunafunga mabegi. Nyumba nne kabla sijamaliza sekondari, hakuna hata moja iliyokuwa yetu. Lakini kila tulipofika, kabla hajafungua mizigo, mama alipanda mrehani mlangoni. Ukikua kidogo na kuanza kunukia jioni, sisi watoto tunajua tumefika nyumbani. Mimi kuishi miaka mitatu bila hata jani moja, bila picha ukutani, nilikuwa najiona mgeni kwenye ndoa yangu mwenyewe.

Ndiyo hivyo. Yeye aliogopa kuibiwa tena, mimi niliogopa kwamba hatujafika. Msumari ulisingiziwa tu.

<b>Mafungu matatu</b>

Tulikaa mezani na daftari. Tukakubaliana shilingi 30,000 kwa mwezi kwa ajili ya fleti, isizidi, na Bunju iendelee na fungu lake. Halafu kila tunachotaka kufanya tukakiweka kwenye fungu mojawapo kati ya matatu.

<b>Kinachohama.</b> Hiki hakina ubishi, maana siku ya kuondoka kinapanda kwenye kirikuu pamoja nanyi. Anza na taa. Nyumba nyingi za kupanga zina balbu moja nyeupe inayofanya sebule ifanane na chumba cha sindano. Nunua balbu za LED zenye mwanga wa njano: tafuta kwenye boksi namba 2,700 au 3,000 yenye herufi K. Ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribiana na ile balbu ya zamani ya wati 60, kwa hiyo hata Luku itakushukuru. Za mwenye nyumba zihifadhi, utazirudisha siku ya kuhama.

Pazia nazo zinahama, ila mwambie fundi asikate kitambaa. Akunje pindo la ndani kama sentimita 15. Nyumba inayofuata ikiwa na dirisha refu, unafumua pindo, maisha yanaendelea. Mkeka wa ukindu unaficha sakafu iliyopasuka. Kioo kikubwa kiegemeze ukuta unaotazamana na dirisha, chumba kinapata mwanga mara moja. Kama mna mtoto anayetambaa, kifungeni kisiangukie.

<b>Kinachofutika.</b> Hapa ndipo penye msumari wangu. Tundu la msumari linazibwa kwa unga wa jipsamu, unapiga msasa, unagusa rangi, hakuna atakayejua. Ukuta wa tofali za saruji unataka msumari wa zege, ule wa mbao utapinda tu. Vile vishikizo vya kubandika ni vizuri kwenye vigae na ukuta wa rangi ya mafuta. Kwenye chokaa usijaribu, picha itaanguka usiku mdhani mmevamiwa.

Rangi nayo imo humu, mradi mwenye nyumba ameridhia. Chagueni ukuta mmoja tu, ule unaouona ukifungua mlango. Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukuta wa mita tatu kwa mita mbili na nusu, mikono miwili, hauzidi lita mbili. Kopo la lita nne linatosha na kubaki. Jueni pia rangi ya zamani ni ipi, maana siku ya kuhama mnaweza kuambiwa muirudishe.

<b>Kinachobaki.</b> Mabomba, nyaya, vigae, sinki, grili. Hivi vikishafungwa vimekuwa vya nyumba, na hapa ndipo mume wangu alipoumia. Sheria yetu ni rahisi: hatugusi mpaka mwenye nyumba akubali gharama ikatwe kwenye kodi, na ikubaliwe kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu ni bora kuliko maneno ya mlangoni. Piga picha kabla ya kazi na baada, tunza risiti. Koki inayodondoka yenyewe isikutishe, mara nyingi ni mpira wa ndani tu umechakaa, na ni vijisenti.

Mimi nilishuka chini kwa mama mwenye nyumba nikiwa na hotuba ndefu kichwani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kuna nini?" Nikaeleza ukuta, nikaeleza na koki ya jikoni. Akacheka. "Paka tu mwanangu, ila usinipakie nyekundu." Koki akakubali ikatwe kwenye kodi. Kuhusu kupandisha kodi nilimuuliza wazi, akasema mkataba ukiisha tutazungumza. Angalau tulijua tunaposimama kabla brashi haijaloa. Mume wangu huko Tabata hakupata nafasi hiyo, na mwenyewe anakiri kwamba hakuuliza.

<b>Bustani ya dirishani</b>

Sasa tuje kwenye mrehani wa mama. Fleti yetu haina hata kibaraza, ina dirisha la jikoni lenye kizingiti kipana na grili. Panatosha.

Kwanza lijue dirisha lako. Dar iko kusini kidogo mwa ikweta, karibu nyuzi 7. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki linahamia kusini. Ndiyo maana mmea unaostawi Julai kwenye dirisha la kaskazini unaweza kudhoofika Desemba, ukadhani umerogwa. Kumbe jua limehama, nawe uhamishe kopo. Dirisha la mashariki ndilo zuri zaidi, lina jua la asubuhi mwaka mzima.

Makopo si lazima yawe ya dukani. Kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa kinafaa. Kopo la rangi usitumie kwa kitu utakachokula. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari wa moto, maana mizizi ikikaa kwenye maji inaoza. Udongo changanya: wa bustani mafungu mawili, mchanga fungu moja, samadi iliyooza vizuri fungu moja. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na jikoni kutanuka, mtagombana upya.

<b>Nanaa</b> ni ya kuanzia hata kama huna mkono wa kupanda. Nunua fungu sokoni, chagua vijiti vyenye afya, toa majani ya chini, tumbukiza kwenye glasi ya maji. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Ndani ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe, hamishia kwenye kopo. Ipe kopo lake peke yake, maana ina tabia ya kutambaa na kuwafukuza wenzake. Haidai jua kali sana.

<b>Giligilani</b>, wengine mnaita kotimiri, inatoka kwenye punje zilezile za kabati la viungo, kama hazijakaangwa. Kila punje ina mbegu mbili ndani. Ziviringishe taratibu chini ya mti wa kusukumia chapati zipasuke, loweka usiku mmoja, fukia kina cha sentimita moja. Panda palepale zitakapokulia, kuhamishwa haipendi. Inachipua ndani ya wiki moja hadi mbili. Joto la Dar linaifanya ikimbilie kutoa maua, hivyo Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake. Panda kidogo kila wiki tatu uwe nayo mfululizo.

<b>Rehani</b> inataka jua la kutosha, kama saa tano kwa siku. Siri yake ni kuchuma. Kila ikitaka kutoa maua, kata ncha juu ya majani mawili. Pale ulipokata yanatoka matawi mawili, kichaka kinajaa. Ukiionea huruma inarefuka kama mlingoti na kufa mapema.

Kumwagilia, tumia kidole. Kichomeke mpaka kiungo cha kwanza. Pakiwa na unyevunyevu, acha. Mimea mingi ya ndani inakufa kwa kupendwa kupita kiasi kuliko kwa kiu.

Mawili ya mwisho hapa. Kopo likae ndani ya grili na lifungwe waya, usije kumwangushia mtu kichwani. Mimi wiki ya kwanza maji ya udongo yalidondokea kanga nyeupe ya jirani wa chini, ikabidi nishuke na sabuni kuomba radhi. Nikaweka visahani. Lakini visahani vina mtego wake: Dar ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji machache tu yaliyotulia. Toka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Mwaga na sugua kisahani kila siku ya tatu, bila kusahau.

<b>Sasa hivi</b>

Bunju bado ni msingi, ila majani tumefyeka na mwezi uliopita tumeongeza tofali mia mbili. Picha ya harusi iko ukutani. Mume wangu, yule wa "nyumba ya mtu", ndiye anayechomeka kidole kwenye makopo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na akikuta nimemwagilia kupita kiasi nasomewa.

Boksi nalo tumelifungua. Birika la maua ya bluu ndilo la chai ya nanaa ya jioni. Wiki ya pili sahani moja iliniponyoka kwenye sinki ikavunjika. Iliniuma, nisikudanganye. Lakini ilivunjika ikiwa imeliwa wali, na hilo kwenye kabati isingeliwahi.

Mwezi huu nakupa kazi moja. Wewe na mwenzio, kila mtu amsimulie mwenzake nyumba ya kwanza anayoikumbuka, na kitu kimoja kilichoifanya iwe nyumbani. Halafu fungueni boksi. Yatakayotokea tuandikieni.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.