Baiskeli ya Babu Inataka Upepo, Haitaki Ukuta

Tuongee ukweli jamani. Baiskeli ya zamani siku hizi ni staa. Inatundikwa ukutani kwenye migahawa ya kahawa mjini, inajazwa maua kwenye picha za harusi, na juzi kati kuna dada mmoja mwenye wafuasi kibao (jina kapuni) kaiegemea na miwani yake ya jua, kaandika eti yeye alizaliwa enzi isiyo yake. Watu wakammwagia makopakopa. Ukiikuza ile picha kidogo tu, unaona tairi zote mbili hazina upepo na cheni haipo.

Sina ugomvi na picha. Ugomvi wangu ni ile cheni. Tunapenda sana muonekano wa hizi baiskeli, ila watu wanaozifanya zitembee mpaka leo hatuwaposti, hatuwalipi inavyostahili, na kibaya zaidi tunawamalizia spea bila hata kujua.

Hili nimelielewa vizuri Katesh, wilayani Hanang. Kama hujafika, Katesh ipo chini ya Mlima Hanang, ule wenye zaidi ya mita 3,400, kwenye barabara ya Babati kwenda Singida. Baridi ya asubuhi pale haina adabu. Nilikuwa na saa kadhaa za kusubiri usafiri, nikaingia kwenye duka la baiskeli kujikinga na upepo. Naliita duka, ila nusu yake ni gereji: benchi moja, ringi zimetundikwa juu kama bangili, harufu ya grisi, na makopo ya gololi yamepangwa kwa saizi. Mwenye duka ni mzee wa makamo ya babu yangu. Jina lake hakutaka liende mtandaoni, kwa hiyo tumwite Fundi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kazi, akanisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa mpaka mchana. Aisee, sijapumzika hivyo muda mrefu.

Mle ndani kuna historia yetu nzima kwa magurudumu mawili. Kuna Raleigh, kampuni iliyoanzia Nottingham, Uingereza, mwaka 1887, zile nyeusi zenye nembo ya ndege wa shingo ndefu. Kuna Phoenix ya Shanghai, iliyokuja na urafiki wetu na Wachina. Kuna Hero ya Ludhiana, India. Na kuna Swala, ya kwetu wenyewe, ya enzi zile tulipoamua kutengeneza baiskeli hapa hapa Tanzania. Kila moja Fundi anaijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake.

Sasa sikia hii. Kiwanda cha Raleigh pale Nottingham kiliacha kuunganisha baiskeli mwaka 2002. Mwaka huohuo ndiyo mkoa wa Manyara ulizaliwa, ukimegwa kutoka Arusha. Yaani zile Raleigh za Katesh zina umri mkubwa kuliko mkoa zinamotembea, mama yao huko Uingereza ameshafunga milango, na bado asubuhi zinabeba madumu ya maji. Mtu akikuuliza ubora ni nini, mjibu hivyo.

Lakini hazitembei kwa muujiza. Nyingi ya hizo baiskeli zina breki za fito za chuma, si za waya. Ukibana, fito zinavuta mipira juu, inakwenda kugandamiza ringi kwa upande wa ndani. Maana yake huwezi kuchukua ringi yoyote ya baiskeli ya mtumba ukaifunga. Umbo likiwa tofauti, mpira hauna pa kushika, na pale kwenye mteremko utamjua Mungu wako. Raleigh nayo ilikuwa na maringo yake: sehemu ya katikati, pale pedeli zinapozungukia, hesi zake zina mizunguko 26 kwa inchi wakati viwanda vingi vilitumia 24. Ukilazimisha ya kiwanda kingine unaua fremu. Kwa hiyo spea ya Raleigh mbovu inatoka kwenye Raleigh nyingine iliyokufa. Basi. Hakuna oda ya mtandaoni inayofika kirahisi kwa mkulima wa alizeti.

Hapo ndipo stori inapokuwa ngumu. Fundi aliniambia kuna kijana alikuja na gari, mtu wa mjini, kavaa vizuri, akataka baiskeli tatu za zamani. Fundi akaanza kutafuta pampu azitie upepo kwanza. Kijana akamwambia usihangaike mzee, zinaenda ukutani.

Nikamuuliza, ukamuuzia?

“Nilimuuzia, mwanangu. Mjukuu alikuwa anaanza chuo. Lakini zile tatu zilikuwa na spea za baiskeli kumi za hapa.”

Tuisome tena hiyo. Baiskeli tatu ukutani mjini, na watu kumi huku wanatembea kwa miguu, au wanaingia mfukoni kila siku kulipa nauli. Yule kijana hakuiba kitu. Kalipa, kaondoka, na nina hakika mgahawa wake umependeza. Ila hakuna aliyemwambia alichokibeba.

Najua mtasema: bodaboda imeshashinda, hizi baiskeli zilikuwa zinakufa tu. Kwanza, neno bodaboda lenyewe lilizaliwa juu ya baiskeli, kule Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, watu wakipakizwa kwenye keria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki imerithi jina tu. Pili, pikipiki inakunywa mafuta, na bei ya mafuta haijawahi kumwonea huruma mtu. Kule Mbulu kwenye vilima utamkuta mtu anaisukuma baiskeli na gunia la vitunguu saumu juu yake. Kupanda haipandi, kweli. Lakini inabeba mzigo ambao kichwa chake kisingebeba, na hadaiwi nauli na yeyote.

Wengine mtasema, na hapa mna hoja, kwamba bora ukutani kuliko kwa wanunuzi wa chuma chakavu wanaopima kwa kilo. Nakubali. Mzani wa chuma chakavu haujui Raleigh wala nondo. Hata Fundi mwenyewe anasema pesa ya mjini ni nzuri kuliko ya kilo. Kwa hiyo siwaambii msinunue. Nasema mnunue kama watu wenye akili.

Ukiitaka baiskeli ya zamani, inunue ikiwa inatembea, na umlipe fundi ya kuifufua. Kunyoosha ringi moja, spoki kwa spoki, anaikaza huku anailegeza kule, huku anaitazama inavyozunguka, ilimchukua Fundi karibu saa nzima mbele ya macho yangu. Malipo aliyopokea hayafiki kikombe kimoja cha kahawa tunachokunywa chini ya ile baiskeli ya ukutani. Hatukopi kulipa kahawa, ila kwa fundi tunaomba punguzo. Tabia gani hii?

Kama shida yako ni pambo tu, chukua fremu iliyovunjika. Zipo. Mwombe fundi abaki na habu, pedeli, fito za breki na kila kinachozunguka. Ukutani hakuna atakayejua tofauti, na Katesh mtu atapata breki.

Na ukiposti, mtaje aliyeifufua, kama mwenyewe ameridhia. Tunamtaja aliyetusuka, aliyetupaka, aliyetupiga picha. Aliyepaka grisi amekosea nini?

Kilichonikaa zaidi ni swali dogo. Nilimuuliza Fundi anamfundisha nani hiyo kazi. Akasema vijana wanakuja, wanakaa wiki, wanahamia kwenye pikipiki kwa sababu ndiko pesa ilipo. Hakuwalaumu, na mimi siwalaumu. Kijana hawezi kujifunza kazi ambayo wateja wake wanaisifia mtandaoni na kuilipa kama hisani. Siku Fundi akiweka spana chini, zile hesi 26 zitabaki hadithi, na Raleigh zote zitakuwa mapambo hata kama hatutaki.

Mimi sikununua baiskeli siku ile. Nilimlipa Fundi aifanyie matengenezo ya babu yangu, ambayo ipo stoo nyumbani, nikaituma wiki iliyofuata kwa basi. Imerudi na kengele inalia. Naiendesha Jumapili, watoto wa mtaani wanaicheka ilivyo ndefu, halafu wanaomba lifti.

Haya, zamu yako. Baiskeli ya babu yako iko wapi sasa hivi: ukutani, kwenye mzani wa chuma chakavu, au barabarani?