Tumuulize Mkemia, Si Mpiga Ramli

Katika nyanda za juu za Ufipa kifo cha ghafla hakikosi maelezo. Kijana akilala ana afya na asiamke, au mume na mke wakifa usiku mmoja, kabla jua halijatua maelezo yamekwisha patikana, na mara nyingi maelezo hayo yana jina la mtu: jirani, mke mwenza, bibi kizee aishiye peke yake ukingoni mwa kijiji. Wenyeji husema kwamba jina lenyewe la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Hatulitaji jambo hili ili kuwacheka ndugu zetu wa Kasense au wa Laela. Twalitaja kwa sababu siku hizi zimezuka duniani dawa za kulevya zitengenezwazo viwandani ambazo zaweza kumwua mtu pasipo kuacha alama aionayo daktari, na pasipo kuonekana katika kipimo cha kwanza cha maabara. Penye kifo kisicho na sababu ndipo mpiga ramli atandikapo mkeka wake.

Wazee wetu nao walikuwa na kipimo chao. Kiliitwa mwavi. Aliyeshukiwa alinyweshwa maji ya gome la mti. Akitapika ni safi, akifa ni mchawi. Leo twajua kwamba gome lile lina sumu iupigayo moyo. Basi sumu ndiyo iliyokuwa hakimu. Mwavi ulipokomeshwa, swali lake halikukomeshwa. Katika miaka ya 1963 na 1964, Uhuru ukiwa bado mchanga, kundi la Kamchape lilipita katika vijiji vya Ufipa likikusanya pembe na vibuyu, likiwachanja watu dawa kwa wembe, na kuwafichua wale walioitwa wachawi. Lilifanya hivyo kinyume cha sheria, na lilipokewa kwa shangwe. Hatuna budi kujiuliza kwa nini. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928 na ambayo hata leo ni Sura ya 18 ya sheria zetu, yamkataza mtu kusema kwamba fulani kamloga marehemu. Haimwambii mfiwa marehemu alikufa kwa nini. Anayeweza kumwambia ni daktari wa maiti pamoja na mkemia, na ni juu ya kazi ya mkemia kwamba tunataka kusema leo, maana wengi wetu twaisikia ikitajwa mahakamani bila ya kujua hufanywaje.

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali asili yake ni maabara iliyofunguliwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1895. Ilifanywa kuwa Mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 2016, na kwa sisi wa Rukwa ofisi yake iliyo karibu ipo Mbeya. Huko ndiko vipelekwako vichupa vya damu, mkojo na vipande vya ini kutoka kwa maiti zenye mashaka. Mwananchi hudhani kwamba kichupa kikiisha tiwa katika mashine, mashine hutaja kila kilichomo. Laiti ingekuwa hivyo! Mashine hujibu lile iliyoulizwa.

Kipimo cha kwanza, kilicho cha haraka na cha bei nafuu, hufanya kazi kama kufuli. Ndani yake mna kingamwili zilizotengenezwa ili zishikamane na molekuli ya umbo fulani tu. Kufuli la mofini litafunguliwa na mofini, na kwa kuwa heroini mwilini hugeuka kuwa mofini, kipimo hicho kitamnasa aliyekufa kwa heroini. Lakini mtu aliyekufa kwa fentanili hatanaswa nacho, ingawa fentanili yaua kwa njia ile ile ya kuzuia pumzi. Umbo lake ni jingine. Kipimo kitaandika kwamba hakikuona kitu, na karani asiyejua ataandika kwamba marehemu hakuwa na dawa. Hayo ni maneno mawili tofauti, na tofauti yake yaweza kuwa uhai wa mtu aliyesingiziwa.

Kipimo cha pili ni kikubwa zaidi. Mashine huvitenganisha vitu vilivyomo katika damu, kila kimoja kikatoka kwa wakati wake. Kisha hukipasua kwa chembe za umeme na kupima uzito wa vipande vyake. Kila kemikali hupasuka kwa namna yake, na picha ya vipande hivyo hulinganishwa na picha zilizohifadhiwa katika daftari kuu la maabara. Kazi hii ni ya kuaminika sana kwa kile kilichokwisha andikwa katika daftari. Kwa kile kisichoandikwa, mashine yaweza kuonyesha alama ndogo isiyo na jina, na mkemia aliyechoka akaipita.

Hapo ndipo wafanyabiashara wa dawa mpya walipopata mwanya. Hubadili tawi dogo tu la molekuli, na kitu kinachopatikana hakimo katika sheria wala katika daftari. Umoja wa Mataifa umekwisha kuarifiwa juu ya vitu vipya vya namna hii vinavyozidi 1,000. Vilivyo vikali kuliko vingi ni vile viitwavyo nitazini. Havikubuniwa na wahuni gizani. Vilibuniwa na wanasayansi wa kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi, katika miaka ya 1950, wakitafuta dawa ya maumivu. Vikaonekana kuwa na nguvu mno, vikawekwa kando, vikabaki katika maandiko. Baada ya miaka sitini mtu fulani aliyasoma maandiko yale. Mwaka 2019 isotonitazini ilionekana katika biashara ya magendo ya Ulaya na katika damu ya watu waliokufa Marekani. Mwaka 2021 ikatiwa katika orodha ya mataifa ya vitu vinavyodhibitiwa, na mara ndugu zake wengine wakatokea kuishika nafasi yake.

Wakemia wa Marekani waliigunduaje isotonitazini? Kwanza walikuwa na mashine ya daraja la tatu, ipimayo uzito wa molekuli kwa usahihi wa tarakimu nne baada ya nukta. Uzito ukijulikana kwa usahihi huo, mtaalamu aweza kukokotoa ni atomu ngapi za kaboni, ngapi za haidrojeni, ngapi za nitrojeni na ngapi za oksijeni zilizomo, hata kama hajapata kukiona kitu chenyewe. Lakini hata hilo halitoshi. Isotonitazini na protonitazini zina atomu zile zile kwa idadi ile ile, na uzito wa zote mbili ni 410.5, zimetofautiana jinsi tawi moja lilivyojipinda. Ili kuzitenga, mkemia hana budi kuwa na kiasi kidogo cha kila moja kilicho safi, akipitishe katika mashine ile ile, na kuona kipi chatoka kwa dakika ile ile iliyotoka damu ya marehemu. Bila ya kielelezo hicho hawezi kuapa mahakamani. Tena kiasi chenyewe ni kidogo mno: katika damu ya watu wale isotonitazini haikufika hata nanogramu 10 kwa mililita moja, na nanogramu ni sehemu moja katika gramu iliyogawanywa mara bilioni moja.

Mashine hizo za daraja la tatu zina faida nyingine tunayoipenda kuliko zote. Huhifadhi rekodi ya kila kilichopita ndani yake. Kitu kipya kikijulikana mwezi ujao, mkemia aweza kuirudia rekodi ya damu ya mwaka jana na kukitafuta humo. Kifo kilichofungwa faili lake kwa neno "haijulikani" chaweza kufunguliwa.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Desemba 2023 Mamlaka yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na metamfetamini, shehena iliyotajwa wakati ule kuwa kubwa kuliko zote katika historia ya nchi. Mwaka 2025 ikatangaza kukamatwa kwa tani 18 na zaidi za majani ya mmea uitwao kitaalamu Mitragyna speciosa, yaliyoletwa kutoka Sri Lanka kwa jina la mbolea. Mmea huo si wa kiwandani, lakini ulikuwa mgeni kwetu, na mgeni aliyevaa gunia la mbolea apaswa kumshtua kila mkulima wa mahindi. Visiwani Mayotte, kwa majirani zetu Wakomoro, vijana wamekuwa wakivuta tangu zaidi ya miaka kumi sasa tumbaku iliyotiwa kanabinoidi za viwandani. Hizo nazo zina hila yake: mwili huzivunja upesi, na katika mkojo wa marehemu kitu chenyewe huwa hakimo, yamo mabaki yake tu. Mkemia asiyeyajua mabaki hatajua alitafute nini.

Lakini mfano unaotugusa zaidi watoka Sierra Leone. Huko vijana waliangamia kwa dawa iitwayo kush, hata Rais Julius Maada Bio akatangaza hali ya hatari Aprili 2024. Ilienea habari kwamba kush husagwa pamoja na mifupa ya watu, na polisi wakawekwa kulinda makaburi ya Freetown. Sampuli zilipopimwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba nusu hivi zilikuwa na nitazini, na nyingine kanabinoidi za viwandani. Kitu kilichokuwa kikiua kilipita bandarini na kwa posta, wakati askari wakilinda makaburi. Hatuoni tofauti kubwa kati ya habari ile ya mifupa na hizi zetu za Ufipa.

Tusidhani pia kwamba dawa za vijana peke yake ndizo zilizo ngumu kuonekana. Katika maghala yetu ya mahindi vimo vidonge vya fosfini vya kuua dumuzi. Vikipata unyevu hutoa gesi, na gesi hiyo yaweza kuua watu waliolala chumba kimoja na magunia. Gesi hutoweka upesi. Sampuli iliyotiwa katika chupa isiyofungwa barabara, ikakaa siku mbili juani, itafika Mbeya haina ushahidi, na kijiji kitakuwa kimekwisha kumpata mchawi.

Kwa hiyo nusu ya kazi ya mkemia hufanyika kabla kichupa hakijamfikia, nayo iko mikononi mwa watu wasio wakemia. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, yataka kifo cha ghafla, au cha ukatili, au kisichojulikana sababu, kiarifiwe ili kichunguzwe. Balozi wa shina anayenyamaza kwa kuwaonea haya wafiwa hawasaidii. Chumba cha marehemu kisifagiliwe kabla polisi hawajafika: kidonge kilichobaki, bomba la sindano, karatasi yenye unga, kipande cha sigara, vitu hivi mara nyingi vina dawa nyingi kuliko damu, na kutoka kwavyo mkemia hujua damu aiulize nini. Damu yenyewe itolewe katika mshipa wa paja. Baada ya kufa, dawa hutoka katika ini na mapafu na kuingia katika damu iliyo karibu na moyo, hata kiasi kikaonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa mtu alipokuwa hai. Ichukuliwe pamoja na mkojo na maji ya jicho, ambayo huchelewa kuoza. Itiwe floridi ya sodiamu, ifungwe kwa lakiri, ikae katika baridi. Na mkemia apelekewe na maelezo ya daktari na ya polisi, maana kukuta dawa katika damu si kuthibitisha kwamba ndiyo iliyoua. Kiasi kinachomwua mgeni chaweza kuvumiliwa na aliyeizoea.

Sisi twaona kwamba Serikali yetu imefanya mengi katika jambo hili, na bado yako mambo ya kudai. Yafaa majibu ya Mkemia yaandike si tu "haikuonekana sumu", bali ni sumu zipi zilizotafutwa na kwa kipimo gani, ili hakimu ajue mipaka ya jibu. Yafaa maabara zetu zipate vielelezo vya dawa mpya kila mwaka, kwa kuwa mashine ya mamilioni isiyo na vielelezo ni saa isiyo na mishale. Na yafaa wajumbe wa Chama katika mabaraza ya halmashauri, wapitiapo makisio ya fedha, waulize kama kituo cha afya kina vichupa, dawa ya kuhifadhia na jokofu linalofanya kazi. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, kwa kupitia Laela na Tunduma, ni zaidi ya kilomita mia tatu.

Wako wanaopinga uchunguzi wa maiti kwa sababu ya heshima ya marehemu na haraka ya maziko. Twaiheshimu hoja hiyo kuliko hoja za wapiga ramli, na jibu lake ni la kawaida kabisa. Daktari akiwapo na vifaa vikiwapo, uchunguzi na kuchukua sampuli ni kazi ya saa chache. Ndugu wakiisha kukabidhiwa maiti, waweza kuzika siku ile ile. Kinachosafiri kwenda Mbeya ni kichupa, na gharama ya barafu yake yapaswa kulipwa na halmashauri, si na wafiwa.