Mchezo Huanzia Nyumbani

Ndugu msomaji, ukienda Uwanja wa Majimaji hapa Songea utaona vijana wakicheza vizuri. Je, mchezaji huanzia wapi? Huanzia nyumbani.

Mtoto humtazama kaka yake akipiga mpira wa matambara. Naye huiga. Baba akisimama kumtazama, mtoto hupata moyo. Baba akisema mchezo ni uvivu, mtoto huacha.

Sasa tazama kijijini jioni. Wavulana wako uwanjani. Wasichana wako wapi? Wamekwenda kuteka maji na kutafuta kuni. Wakirudi, wanapika. Wakimaliza, giza limeingia. Msichana mwenye kipaji hukua bila kujua kuwa anacho.

Lakini wasichana wanaweza. Mwaka 1965 Theresia Dismas alishindana kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika, mjini Brazzaville. Alipata medali ya fedha. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuiletea Tanzania medali kutoka mashindano ya kimataifa.

Ndugu wazazi, gawanyeni kazi. Kaka na dada waende kisimani pamoja. Kazi itakwisha mapema, na wote watapata muda wa kucheza. Msichana naye akimbie na acheze mpira wa pete. Baba na mama wasimame kumtazama, kama wanavyomtazama mvulana.

Shuleni kuna mashindano ya UMITASHUMTA. Mwalimu huchagua watoto waliozoea kukimbia na kucheza. Mazoea hayo huanzia kwenu nyumbani. Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.