Kisaidizi cha freni

Kama unaendesha motokari ya zamani hapa Bengamisa, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Buta, unajua vile mguu unachoka ku freni wakati magunia ya mpunga yamejaa. Fundi atakuambia: tutie kisaidizi cha freni. Vizuri, lakini umuulize ni cha namna gani. Kile cha kawaida kinatumia mvuto wa hewa wa moteri ya esanse. Moteri ya mazuti haina mvuto wa kutosha. Ndiyo sababu Bendix ya Marekani ilileta kingine mwaka 1973, kinachopata nguvu kwa mafuta ya pompi ya usukani.

Sasa sikilizeni, vijana. Kisaidizi hiki kinatumia mafuta ya usukani. Silinda ya freni ina mafuta yake mengine. Msiyachanganye hata tone! Mafuta ya usukani yanavimbisha mipira ya freni, na freni inakufa. Chupa isiyo na maandishi, hata ya bei rahisi, iacheni sokoni.

Tena kuna ile desturi ya kuzima moteri kwenye mteremko ili kuchunga mazuti. Pompi inasimama! Akiba ya nguvu inatosha kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na mama aliyekaa juu ya magunia na mtoto wake, nani amemwambia?

Mbele ya safari, moteri ikiwa imezimwa, kanyaga mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu. Uikanyage vile vile, kisha uwashe. Itashuka kidogo, halafu itasukuma mguu. Isipofanya hivyo, abiria washuke.