Suti ni cheti cha ngazi gani?

Jamani, hivi suti ni cheti cha ngazi gani?

Nauliza kwa sababu nilitoka kwetu Konde usiku wa manane, daladala hadi Mkoani, boti hadi Unguja, kwenda kwenye usaili wa kazi ya uandishi. Shati jeupe limepigwa pasi ya makaa, nywele nimepunguza, kucha fupi, viatu vinang'aa. Swali la kwanza: "Koti na tai umeviacha wapi?" Bahasha yenye makala zangu haikufunguliwa!

Msinielewe vibaya. Usafi sibishani nao. Anayenuka jasho mrudisheni akaoge. Lakini suti, kwenye joto letu hili? Vijana wa Konde msimu wa karafuu hupanda mikarafuu, wakalipwa kwa pishi. Ni pishi ngapi hizo za kununua koti la siku moja? Wengi huazima... na nguo ya kuazima, wazee walisema, haisitiri matako.

Na "heshima" yenyewe haitulii. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana, ati ni mambo ya kigeni. Leo tai ya Mzungu ndiyo heshima, na kanzu yangu ningojee Ijumaa!

Waajiri, daini usafi, kisha fungueni bahasha. La sivyo mtaajiri uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wenzangu mnasemaje?