Oveni tunaisubiri ya nini?

Haya wadau, nimerudi chuo salama. Najua nilikuwa kimya karibu wiki tatu, na wengine mmeshaanza kusema jamaa kafulia. Kufulia nimefulia kweli (bumu bado halijaingia, tusiulizane), ila kilichoniweka kimya ni likizo ya kumaliza muhula. Nilikuwa nyumbani Daudi, Mbulu, mkoa wa Manyara, kwenye ile baridi yetu ambayo mtu wa Dar akifika anaomba blanketi saa kumi jioni.

Leo nataka kuongelea mapishi. Ndiyo, mimi, mtoto wa kiume wa Daudi, mwaka wa pili ualimu. Chekeni mmalize, halafu tuendelee.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mti wa mapichi (kuna sehemu wanayaita fyulisi). Yakianza kuiva yanaiva yote kwa mkupuo. Watoto wanakula mpaka matumbo yanauma, jirani anapelekewa ndoo, jirani naye ana mti wake kwa hiyo anakuangalia tu, na yanayobaki yanadondoka, nyuki wanayavamia, mwisho ni chakula cha nguruwe. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Sasa mimi nilikuwa nimenakili kwenye daftari chakula kimoja cha Wamarekani kinaitwa cobbler. Ni matunda yaliyokatwakatwa na sukari, juu yake unapanga madonge ya unga wa ngano, unaoka. Madonge hayo wao wanayaita "biscuit", lakini usifikirie biskuti ya dukani ya kuchovya kwenye chai. Yao ni laini, imeumuka, iko kati ya mkate na skonzi.

Nilichokuwa sikijui nikiwa nakopi ile karatasi ni hiki. Mstari wa kwanza uliandika uwashe oveni kwanza ipate moto. Nikajisemea basi, hapa ndipo tulipoishia, Daudi oveni nitaitoa wapi? Nikakaa nayo daftarini mwaka mzima. Kumbe hao walioanza kupika cobbler, walowezi wa Marekani katikati ya karne ya 19, wengi wao oveni hawakuwa nayo! Walikuwa na chungu kizito cha chuma, wanakiweka kwenye makaa, wanafunika, halafu wanamwaga makaa mengine juu ya mfuniko. Yaani chakula chenyewe kilizaliwa kwa sababu ya kukosa oveni, halafu miaka mia na zaidi baadaye mimi nakiogopa kwa sababu sina oveni. We acha tu.

Na hayo makaa juu ya mfuniko si ugeni kwetu. Pwani wanapalia makaa juu ya sufuria ya wali tangu enzi za bibi zao. Keki ya mkaa ya kipaimara umeshakula, mimi nimeshakula, hakuna aliyeuliza oveni iko wapi.

Basi Jumamosi moja nikaamua. Mapichi kumi na mawili, nikamenya, nikatoa kokwa, nikakata vipande, sukari vijiko vinne vya chakula, limao kidogo na kijiko kimoja cha unga ili ule mchuzi ushikane. Unga wa ngano vikombe viwili, beking pauda vijiko vitatu vya chai, chumvi kidogo, Blue Band vijiko vinne, maziwa. (Unga nao tuache kidogo. Hanang ni jirani zetu, na kule Basotu tangu miaka ya 1970 kulikuwa na mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, na Wabarabaigi wakapoteza malisho yao kwa ajili hiyo. NAFCO haipo tena, na nchi bado inaagiza ngano nyingi kutoka nje. Nitaiandikia siku yake, ina mambo mengi.)

Nikaukanda unga kama wa chapati, kwa nguvu zote. Nikapanga madonge juu ya matunda, nikafunika, nikaweka kwenye jiko la mkaa lililojaa moto. Baba akapita mlangoni, akasimama, akauliza, "Chuo siku hizi wanafundisha kupika?" Akaondoka bila kusubiri jibu.

Baada ya nusu saa, chini kumeungua mpaka harufu inafika barabarani. Juu unga mbichi, mweupe, unanata kwenye meno.

Hapa sasa ndipo anaingia mdogo wangu wa kike. Huyu binti alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka ziro. Tangu siku hiyo pale nyumbani ana jina jingine ingawa hakuna anayelitamka. Mgeni akija anaambiwa "huyu mkubwa yuko chuo kikuu", kisha kimya kidogo, "na huyu yupo yupo tu". Mama anataka arisiti. Yeye anasema hataki kurisiti, anataka kupika auze. Wakisikia hivyo ndio wanaona kabisa kwamba amekata tamaa.

Akaangalia ile sufuria yangu, wala hakucheka (ningefurahi kama angecheka). Akaniambia, "Kaka, moto umeuweka upande usio na unga. Matunda yana maji yake, yanaiva yenyewe kwa moto mdogo. Unga uko juu, basi moto uende juu." Sentensi tatu nne hivi. Mimi nimesoma fizikia mpaka kidato cha sita, jamani, nimechora mishale ya joto linavyosafiri na nimepata alama nzuri tu!

Jumapili baada ya misa akapika yeye, mimi nikakata matunda. Alianza kwa kuyachemsha mapichi kidogo peke yake kwenye sufuria, kwa sababu unga ukikutana na matunda ya baridi, upande wake wa chini unabaki mbichi. Maziwa akaweka mgando, akapunguza beking pauda kikawa vijiko viwili, akaongeza nusu kijiko cha beking soda. Uchachu wa mgando ukikutana na soda, hewa inatoka papo hapo, ndiyo maana akasema ukishachanganya usiende kupiga stori, weka motoni. Blue Band akaisugua kwa ncha za vidole kwenye unga mkavu mpaka ukawa kama chenga, akamwaga mgando, akakoroga mara chache tu na kuacha. Nikamwambia haujalainika. Akasema ukiukanda utakuwa mgumu kama chapati ya juzi. Kweli, ngano ukiikanda inavutika, kwenye chapati tunaitaka hali hiyo, hapa hatuitaki. Makaa: chini machache ya kuhesabu, juu ya mfuniko wa bati ndio mengi, kama theluthi mbili ya moto wote. Hakufunua mpaka aliposikia harufu. Dakika 35 kwa simu yangu.

Wadau... ule unga ulipasuka juu, rangi ya asali, chini umenyonya mchuzi wa mapichi. Tulikula ya moto na maziwa. Baba alirudia mara mbili, akasema "ina sukari nyingi", akaongeza tena.

Sasa maoni yangu, maana sikuja hapa kutoa resipi tu. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha niliona darasa (shule siitaji) wanafunzi wananakili ubaoni mchoro wa oveni na majina ya sehemu zake. Kipindi kizima. Nilipouliza lini wanapika, nikaambiwa vifaa havijaja. Tangu 2024 tunao mtaala mpya wenye mkondo wa amali, na mimi naunga mkono kabisa mtoto kusomea kazi ya mikono. Lakini kama amali yenyewe itakuwa kuchora oveni tukisubiri oveni, tutazalisha watu wanaojua majina ya vitu wasivyowahi kuvishika. Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, sisi tunaisoma, tunaijibia mtihani, tunapata A, halafu tunarudi nyumbani kumwita anayejua moto "yupo yupo tu".

Najua kuna atakayesema rahisi kwako, wewe uko chuo, unamsifia mwenzako jikoni. Ni kweli, na linaniuma. Cheti kina kazi yake, nami sisemi vifaa visinunuliwe, vinunuliwe tena haraka. Na sitaki mtu aelewe kwamba aliyefeli ndiye wa kupelekwa kupika, maana huo ndio ugonjwa wenyewe. Nasema mwalimu akiwa na sufuria, mfuniko wa bati na makaa, anaweza kufundisha joto, gesi, uchachu, vipimo na biashara kwa kipindi kimoja, na watoto wakala. Mimi nikipangiwa shule, iwe ya porini kiasi gani, hicho ndicho kipindi changu cha kwanza.

Juzi binti kapiga simu. Aliuza sinia moja siku ya gulio, vipande vyote vikaisha, ila mapichi yanaelekea ukingoni na anauliza kama mapera yatafaa (nadhani yatafaa, ila mbegu atoe). Anataka pia bei ya kopo kubwa la beking pauda huku mjini. Mama yeye bado yuko kwenye kurisiti, hajatikisika. Mimi nasubiri bumu, likiingia tu kopo linapanda basi.