Urefu Peke Yake Hautoshi
Jioni, nikishafunga meza yangu ya dagaa Mwaloni, Kirumba, huwafundisha vijana mpira wa kikapu. Ringi yetu imepinda. Wavu wake ni kipande cha nyavu chakavu za sato. Yupo mmoja anayeinama kwenye kila mlango. Wenzake humwita Thabeet.

Hasheem Thabeet mwenyewe alianza kikapu akiwa na miaka 15, Dar es Salaam. Akawa senta wa Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya Stephen Curry. Hata hivyo, Curry, aliye mfupi kuliko yeye, ndiye aliyetamba.

Samaki mkunje angali mbichi. Shule za msingi ziwekewe ringi. Urefu Mungu keshatoa. Mazoezi ni juu yetu.